Klabu, ziara, kituo au mwembe wa shule: pa kuanzia na vijana kuhusu wanyamapori

Una vijana arobaini, hela ya kukodi kosta mara moja, na muhula mmoja kabla mitihani haijameza ratiba yote. Unataka wawajue wanyamapori na, ikiwezekana, wawe upande wao. Mwalimu mwenzako anasema anzisheni klabu. Mkuu wa shule anataka ziara ya hifadhini, maana wazazi wanaipenda. Mjumbe wa kamati amesikia habari za kituo cha tembo yatima. Naye mwalimu wa baiolojia, asiyesema sana vikaoni, anauliza kwa nini watu wafunge safari wakati juu ya mwembe wa shule kuna bundi.

Wote wanne wana hoja, na fedha haiwatoshi wote. Makala haya yanazipima njia hizo nne kwa vigezo vilevile, ili mwalimu, mzazi, kiongozi wa skauti au ustadhi wa madrasa aone ipi inawafaa vijana wake.

Kabla ya vigezo, jiulize vijana wako wanaishije na wanyama. Kijana wa Buguruni, Dar es Salaam, huenda tembo amemwona kwenye noti ya shilingi 10,000 tu. Anachokosa ni kukutana naye. Kijana wa kijiji kinachopakana na hifadhi ya Mikumi au Tsavo amekutana naye kupita kiasi. Tembo wamelala kwenye shamba la mahindi la mama yake, fisi kachukua mbuzi, na fomu ya kifuta jasho bado inazunguka wilayani. Huyu ukimpandisha basi aende akamshangae tembo atacheka, na ana haki. Anachokosa ni mbinu za kuishi na tembo na sababu ya kumvumilia. Halafu kuna kijana wa pwani na visiwani, ambaye wanyamapori wake ni kasa, pomboo, popo na mbega, na mara nyingi hajaambiwa kwamba hao nao wanahesabika. Mipango mingi huharibika kwa sababu imeandikwa kwa ajili ya kijana wa kwanza, ikapelekwa kwa wa pili au wa tatu.

Vigezo

Gharama: fedha, lakini pia saa za mlezi, barua na vibali. Mguso: kijana anakutana na mnyama mwenyewe, au anasimuliwa? Uelewa: anatoka akijua mnyama anaishije, au anajua jina tu? Tendo: kesho yake kuna jambo anaweza kulifanya? Kudumu: baada ya mwaka kutakuwa kumebaki nini? Usalama nitautaja panapouhitaji.

Njia ya kwanza: klabu ya shule

Njia hii ina historia ndefu kwetu. Wildlife Clubs of Kenya ilianzishwa mwaka 1968, na walioianzisha walikuwa wanafunzi wenyewe. Tanzania ikaja na Malihai, ambayo makao yake ni Arusha na ambayo watu wazima wengi wa leo wanaikumbuka kwa fulana na nyimbo zake. Kisha Februari 1991, wanafunzi 12 wa sekondari walikutana barazani kwa Jane Goodall jijini Dar es Salaam, wakazaa Roots & Shoots, ambayo sasa iko katika nchi nyingi duniani. Goodall, aliyeanza kuwafuatilia sokwe wa Gombe mwaka 1960, alifariki Oktoba 2025, lakini mtandao huo unaendelea. Kuna tofauti ya kutazama hapa. Malihai na klabu za Kenya zinamweka mnyamapori katikati. Roots & Shoots huwaachia vijana wachague tatizo la kwao wenyewe, liwe la watu, la wanyama au la mazingira.

*Gharama.* Kifedha ni ndogo: daftari, manila, rangi, ada ya usajili kama ipo. Gharama kubwa ni Ijumaa za mlezi.

*Mguso.* Hapa klabu ni dhaifu, tuseme ukweli. Inaweza kumaliza mwaka mzima bila mwanachama kumwona mnyama yeyote zaidi ya paka wa jikoni. Nyingi huishia kuwa klabu za kupanda miti na kuokota chupa za plastiki. Ni kazi njema, ila mnyama amepotea njiani.

*Uelewa.* Unategemea mlezi. Ngonjera za "tuwatunze wanyama wetu" hazimfikirishi mtu. Mdahalo unafikirisha: kijiji kikiwa katikati ya ushoroba wa tembo, nani apishe? Mfugaji aliyeua simba aliyemla ng'ombe wake afungwe? Waache wabishane, na wapange waliozaliwa mjini watetee upande wa mfugaji.

*Tendo.* Hii ndiyo nguvu yake, na mfano bora ninaoujua uko Pemba. Popo wa Pemba, ambaye mabawa yake yakinyooshwa hufika karibu mita 1.6, hapatikani kwingine kokote duniani. Aliwindwa kwa ajili ya nyama na misitu anayolala ikakatwa, hadi mwaka 1996 akawekwa kwenye kundi la wanyama walio hatarini kabisa kutoweka. Kilichomwokoa hakikuwa uzio wala askari wengi. Wanavijiji waliunda vikundi vya kulinda miti anayolala, mashuleni watoto wakafundishwa kwamba popo huyo hubeba mbegu za msitu, na Kidike ikawa mahali pa wageni kulipa kiingilio kumtazama. Mwaka 2008 alihamishiwa kwenye kundi la hatari ndogo zaidi, idadi yake ikiwa imepanda kupita 20,000. Mnyama ambaye wengi walimwona kitoweo, au mkosi, aligeuka fahari ya kijiji. Hilo linawezekana kwa kikundi kinachokutana kila wiki, si kwa safari ya siku moja.

*Kudumu.* Klabu hudumu kuliko njia nyingine, mpaka mlezi ahamishwe. Dawa yake inajulikana na haitumiki: walezi wawili tangu mwanzo, na uongozi wa wanafunzi ukabidhiwe kidato cha pili au cha tatu, usisubiri cha nne.

*Inawafaa* shule zenye mwalimu mwenye moyo na utulivu wa ratiba. Haiwafai sana vijana wanaokutana mara moja moja, kama kundi la likizo.

Njia ya pili: ziara ya hifadhini

*Gharama.* Watu huuliza kiingilio kwanza, kumbe kiingilio kwa wanafunzi wa Afrika Mashariki mara nyingi ndiyo sehemu ndogo, hasa barua ya shule ikitangulia. Kinachokula fedha ni gari, dizeli, dereva, chakula na, kama ni mbali, malazi. Kumbuka pia kwamba Tanzania na Kenya malipo ya hifadhi hayafanywi kwa fedha taslimu getini. Tanzania utahitaji namba ya malipo ya serikali, Kenya utapitia eCitizen. Mlezi anayefika na bahasha ya michango atakaa getini na watoto juani.

Umbali ndio unaoamua, kwa hiyo chagua iliyo karibu kabla ya iliyo maarufu. Nairobi wana bahati ya pekee: Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ya tangu 1946, ina kilomita za mraba 117 na iko mlangoni mwa jiji. Mombasa wana Shimba Hills, ambako ndiko mahali pekee Kenya palipobaki palahala wa porini. Arusha wana Hifadhi ya Taifa ya Arusha, yenye twiga na mbega na njia za kutembea kwa miguu na askari. Simba kwa kawaida hakuna, na hilo lisikukatishe tamaa. Unguja wana Jozani na kima punju wake, ambao hawakimbii watu, na njia ya mbao ndani ya mikoko. Morogoro na Iringa wana Mikumi, ambapo barabara kuu inapita katikati ya hifadhi na swala huonekana kutoka dirishani mwa basi la abiria.

*Mguso.* Hakuna kinachoshindana na ziara hapa. Harufu ya tembo, ukubwa wake anapovuka barabara bila haraka, ule ukimya wa ghafla ndani ya basi la watoto waliokuwa wakiimba, hayo hayapatikani kwenye skrini. Ila mguso huo una masharti. Wanyama wengi hujishughulisha alfajiri na jioni, na saa sita mchana simba amelala kichakani. Shule inayoondoka saa tatu kwa sababu ya kusubiri wachelewaji hufika wakati mbaya kabisa. Basi refu lenye viti vitatu kila upande nalo huwafanya wa katikati waone visogo vya wenzao. Afadhali vijana ishirini kwenye magari mawili madogo kuliko sitini kwenye basi moja, hata kama itabidi ufanye mchujo na wengine wanune.

*Uelewa.* Ukimwachia mwongoza watalii peke yake, watoto watarudi na orodha ya majina. Mpe kila kikundi mnyama mmoja na maswali mawili kabla ya kuondoka. Pundamilia na nyumbu wanakula pamoja, je, wanakula sehemu ileile ya jani? Twiga akiwa anakula mgunga, je, anamaliza mti mmoja au anahama? Atakayehangaika na swali kama hilo ataona mengi zaidi ya anayehesabu simba.

*Tendo.* Ni dogo. Jioni basi linarudi, na kijana wa Dar es Salaam hana la kumfanyia nyati wa Mikumi kesho yake. Kuna ambao ziara imewapa wazo la kazi, wakasoma hadi Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka, kilichoanzishwa 1963 chini ya Kilimanjaro, au Pasiansi kule Mwanza. Kwa hiyo mwombe askari wa hifadhi azungumze nusu saa kuhusu kazi yake: amesoma nini, analala wapi, anaogopa nini. Nusu saa hiyo haina malipo ya ziada.

*Kudumu.* Picha hudumu, maarifa huyeyuka. Ziara isiyo na kazi ya kuandika au kuchora baada yake ni pikiniki.

*Inawafaa* vijana wa mjini ambao hawajawahi kukutana na mnyama mkubwa, na walio kwenye umri wa kuchagua masomo. Watoto wadogo sana huchoka garini kabla ya kuona lolote. Sehemu nyingine zina masharti ya umri pia: Uganda na Rwanda haziruhusu aliye chini ya miaka 15 kwenda kuwaona gorila msituni.

Njia ya tatu: kituo cha kulea au kuonyesha wanyama

Kundi hili ni pana. Nairobi kuna kituo cha wanyama yatima cha tangu 1964, kinachoendeshwa na shirika la wanyamapori la serikali, na kuna kituo cha Sheldrick kinacholea ndama wa tembo na kuwahamishia Tsavo wakikua, warudi porini. Mombasa kuna Haller Park, machimbo ya saruji yaliyogeuzwa msitu. Ndiko kiboko mchanga Owen, aliyeokolewa pwani baada ya tsunami ya Desemba 2004, alikomganda kobe mzee aitwaye Mzee, habari ikazunguka dunia. Entebbe kuna kituo kikubwa cha elimu ya wanyamapori kando ya Ziwa Victoria. Nje kidogo ya Arusha kuna Meserani, na Watamu kuna Bio-Ken, kote nyoka.

*Gharama.* Ya kati. Huhitaji gari maalumu, na saa mbili zinatosha. Unaweza kupeleka darasa kwa daladala au matatu ya kukodi.

*Mguso.* Uhakika ndio unaolipia. Hifadhini unaweza kukosa tembo, hapa humkosi, na uko hatua chache naye. Kwa watoto wa chekechea na darasa la kwanza hadi la tatu nadhani njia hii inazidi ziara. Hawaulizi kwa nini wamekaa saa nne garini.

*Uelewa.* Kituo kizuri kinaeleza kila mnyama alifikaje hapo: mama yake aliuawa kwa ajili ya pembe zake, alikutwa kisimani, alinaswa na waya. Hapo kijana anajifunza tatizo lenyewe, siyo mnyama tu. Vituo vya nyoka nadhani vinastahili sifa kuliko vinavyopewa. Kijana anayejua kwamba chatu hana sumu, kwamba nyoka wengi hukimbia wakisikia vishindo, na kwamba aliyeumwa hapaswi kuchanjwa chale wala kufyonzwa bali kutulizwa na kukimbizwa hospitali, ana maarifa yatakayomwokoa yeye, ndugu yake na nyoka pia. Meserani na Bio-Ken wote wana historia ya kusaidia walioumwa na nyoka katika maeneo yao, kwa hiyo wanachofundisha hawakukisoma vitabuni tu.

*Udanganyifu* wa njia hii uko hapa, na ndiyo maana inahitaji mlezi macho. Mtoto akimwona ndama wa tembo akinyonya chupa, anaweza kuondoka akidhani mnyamapori ni mtoto wa kulelewa. Kutoka hapo hadi kutamani komba au tumbili wa kufuga nyumbani si mbali, na kumfuga bila kibali ni kosa kisheria, Tanzania na Kenya kote. Uliza kabla ya kulipa: wanyama hawa wapo wanaorudishwa porini? Wageni wanaruhusiwa kuwabeba na kupiga nao picha? Mahali panapokodisha mtoto wa tumbili kwa picha, vijana watajifunza kinyume cha ulichokusudia.

*Tendo.* Mara nyingi ni kuchangia fedha, jambo ambalo kijana hana. Isipokuwa vichache: pale Gede, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, mradi wa Kipepeo tangu 1993 umewawezesha wakulima kufuga vipepeo na kuuza pupa wao, yaani vipepeo wakiwa bado ndani ya vifuko, nje ya nchi. Kijana anaona mdudu, msitu na ada ya shule vikiwa jambo moja. Sijaona hotuba inayofanya hivyo.

*Kudumu.* Kama ziara, na pengine kidogo zaidi, kwa sababu ni rahisi kurudi mwaka ujao na kumkuta mnyama yuleyule amekua.

*Inawafaa* watoto wadogo, vijana wenye ulemavu ambao safari ndefu na magari marefu huwasumbua, na kundi lolote lenye hofu ya mnyama fulani.

Njia ya nne: wanyama wa jirani

Hii ndiyo ya mwalimu wa baiolojia, na ndiyo inayodharauliwa. Haina fulana, haina picha ya kumwonyesha afisa elimu.

*Gharama.* Daftari, kalamu na ruhusa ya wazazi. Darubini moja ya kupokezana inasaidia sana, ila si lazima. Wenye simu wanaweza kupakua programu ya Merlin, inayotambua ndege na kufanya kazi bila bando ikishapakuliwa. Nairobi, wapenzi wa ndege wa Nature Kenya, chama cha tangu 1909, wana matembezi ya Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Taifa.

*Mguso.* Mdogo kwa ukubwa, mkubwa kwa idadi. Hutamwona chui. Utamwona mwewe kila siku, na siku moja utamwona akimnyakua panya mbele ya darasa zima.

*Uelewa.* Hapa ndipo penye utajiri, na sitaharakisha. Chukua bundi wa kwenye mwembe. Nusu ya darasa watakuambia ni mchawi au analeta msiba, na baadhi wana manati mfukoni. Usianze kwa kuwakemea. Nenda chini ya mti asubuhi, utaona madonge ya kijivu kama kidole gumba. Bundi humeza panya mzima na kutapika manyoya na mifupa. Vaa glovu, loweka donge, lichambue kwa vijiti juu ya gazeti: mafuvu ya panya yatatoka, wakati mwingine zaidi ya moja katika donge moja. Mwulize aliyekuja na manati nyumbani kwao wanatumia sumu gani ya panya, na inauzwa shilingi ngapi. Hesabu ataifanya mwenyewe. Kinyonga ni vivyo hivyo: hana sumu, ila watu wazima humkimbia, na mtoto aliyemwacha atembee juu ya fimbo hatamwogopa tena.

Kisha kuna somo gumu, ambalo klabu na ziara mara nyingi huliruka: je, kumlinda mnyama ni kumlinda kila mnyama? Kunguru anayejaa Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa si wa kwetu. Aliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 asafishe taka, akaenea pwani nzima, na anakula mayai na makinda ya ndege wa asili. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kupunguza kunguru hao milioni moja. Waulize vijana wako: ni sawa? Mtu asilindwe kwa sababu babu yake alikuja na meli? Darasa litalipuka, na watakapotulia watakuwa wameelewa maana ya makazi, ushindani na spishi vamizi bila kukariri istilahi hata moja.

*Tendo.* Ni la papo hapo, na kwa kijana wa pili, yule wa kando ya hifadhi, ndilo linalobeba njia nzima. Richard Turere alikulia pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, akichunga ng'ombe wa familia. Simba walipokuwa wakiwaua usiku, alijaribu moto, akaona unawasaidia simba kuona zizini. Akaweka sanamu, simba wakaikwepa usiku wa kwanza, wa pili wakagundua haisogei. Alipokuwa akizunguka na tochi akaona kwamba mwanga unaotembea wanauogopa. Akaunganisha taa, betri kuukuu ya gari, paneli ya sola na kifaa cha indiketa cha pikipiki, taa zikawa zinawaka na kuzimika kwa zamu, simba wakaacha kuja. Alikuwa na miaka kama kumi na mmoja. Mtoto huyo alimsoma simba kwa undani kuliko watalii wengi, na alianza kwa kumchukia.

Kwa hiyo katika vijiji vya namna hiyo, anza na zizi na shamba. Uzio wa mizinga, kama ule wa Sagalla karibu na Tsavo, unafanya kazi kwa sababu tembo huwaogopa nyuki, na asali inauzwa. Kamba zenye matambara yaliyopakwa pilipili na oili chafu hutumika pia. Vijana wapime: tembo walikuja usiku gani, walipita upande gani, waligeukia wapi. Hiyo ni sayansi, na ni mahindi ya nyumbani.

Pwani, tendo ni kasa. Mayai yake hukaa mchangani kama miezi miwili, na joto la mchanga ndilo linaloamua watoke majike au madume, jambo ambalo vijana hawaachi kulizungumza wakishalisikia. Watamu na Mafia kuna watu wa uhifadhi wanaofanya kazi na wavuvi kulinda viota; waombe wakuarifu kiota kikikaribia kuanguliwa. Na zungumzeni waziwazi kuhusu nyama yake. Machi 2024 huko Panza, Pemba, watu tisa walifariki baada ya kula kasa, wanane kati yao watoto.

*Kudumu.* Kijana akishaanza kutambua ndege kwa sauti hawezi kuacha kusikia. Tatizo ni kwamba bila kikundi wengi hawafiki hapo, wanachoka wiki ya tatu.

*Usalama.* Popo, tumbili na mnyama yeyote anayeonekana mgonjwa asishikwe kwa mkono. Hakuna kusogelea mto wenye viboko au mamba kwa jina la somo.

*Inawafaa* karibu kila mtu mwenye subira, na hasa wasio na fedha. Haiwafai sana vijana wanaohitaji kuwashwa kwanza, hao watasema "ndege tu?" na kurudi kwenye mpira.

Filamu na video sikuzipa njia yake. Ni nzuri za kuanzishia mazungumzo, na ndizo pekee zitakazomwonyesha kijana wa Kigoma nyangumi. Ila nyingi ni za simba akikamata nyumbu, tena na tena, na mtazamaji hana cha kufanya zaidi ya kutazama nyingine.

Ukiwa katika hali hii

Shule ya mjini, hela ya safari moja, hakuna klabu: fanya ziara, lakini tumia wiki nne kabla yake kwa ndege na wadudu wa uwanjani, ili macho yafike hifadhini yakiwa yamefunguka. Wale watakaouliza "tukirudi tufanye nini?" ndio klabu yako.

Shule ya kijiji kinachopakana na hifadhi: usianze na ziara. Anza na mazizi, uzio na kumbukumbu za tembo, ukimhusisha ofisa wa wanyamapori wa wilaya. Ziara ije baadaye, kama hifadhi iko tayari kuwapokea, na wale vijana waende na daftari lao la uharibifu wakaulize maswali.

Watoto wa chini ya miaka tisa: kituo, karibu, asubuhi, saa mbili. Kama hakuna kituo karibu, kinyonga mmoja uani anatosha kwa leo.

Pwani na visiwani: jirani kwanza. Ukikaa Unguja, Jozani ni nauli ya daladala.

Mzazi peke yake mwenye mtoto mmoja anayependa wanyama: huhitaji shule. Jumamosi mbili kwa mwezi za kutembea na daftari, kituo mara moja kwa mwaka, na jina la mtu wa hifadhi anayeweza kujibu maswali yake kwa simu.

Mwalimu anayejua atahamishwa mwakani: usianzishe klabu kubwa yenye jina lako. Wafundishe wanafunzi watatu wa kidato cha pili kuchambua donge la bundi, na waachie funguo za kabati lenye darubini.